Flashi Bila Kibali

—mfugo, Dada Robinah! Flashi! Kile kidude cha kuchomeka kwa kompyuta, kidogo kama kidole cha mtoto, ofisi yetu imekipitisha rasmi kuwa mfugo! Wacha kwanza hizo kunde, hazikimbii. Kaa hapo, na usicheke mpaka nimalize, kwa sababu hili ni jambo la serikali na mimi ndiye niliyelisoma kwa kipaza sauti.

Nianze na tamko lile la juzi, maana nililiandika mwenyewe na bado linanisisimua:

"Kitengo cha Uwezeshaji wa Mifugo Inayovuka kinayo furaha kuwatangazia wananchi, wafanyabiashara na wadau wote wa mpaka kwamba zama za kalamu zimekwisha. Kuanzia leo vibali vyote vitatoka kwenye kompyuta za kisasa. Hakuna kuku, bata wala mbuzi atakayevuka kwa karatasi ya kuandikwa na mkono."

Makofi yakapigwa. Mkuu wetu, Mratibu Mkuu Ofumbi, akasimama uani na suti yake ya kijivu, akavichukua vile vitabu vya vibali vya zamani, vyote, hata vile ambavyo havijaandikwa kitu, akavitia moto kwa mkono wake. Moto mzuri kabisa. Kompyuta kuukuu zilikuwa zimeshaondoka. Kila mkubwa alipeleka moja nyumbani kwake ili kupisha maendeleo. Halafu tukaingia ndani kuwasha mpya, zile za wafadhili.

Zikawaka. Zikaandika kwa skrini nyeusi kwamba hazijaona kitu cha kuanzia. Basi. Zikanyamaza hapo.

Unaona, zilikuja tupu. Nyumba mpya, milango iko, taa iko, mwenye nyumba hayuko. Huyo mwenye nyumba ndiye mfumo endeshi, na mfumo hauna miguu, lazima uubebe kwa kitu uuingize. Zamani tuliubeba kwa sidii. Naibu Mratibu Ikwap akaenda kabatini akaileta sidii ya ofisi, imefungwa kwa leso kama mkate wa meza ya Bwana. Akazizunguka kompyuta zote akipapasa ubavuni, akitafuta mdomo wa kuiweka. Hakuna mdomo. Za siku hizi hazina. Akaandika ripoti: "Vifaa vimewasili vikiwa vimezibwa."

Lakini Naibu si mtu wa kukata tamaa. Akapeleka sidii nyumbani kwenye kompyuta yake ya maendeleo, akanakili kila kilichokuwa ndani, akabandika kwa flashi, akarudi anatabasamu. Akachomeka. Skrini ikamwambia vilevile, haijaona kitu cha kuanzia.

"Inaona vizuri sana," Naibu akasema. "Inatudharau tu."

Kamati ikaitwa. Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikapendekeza kompyuta zipewe muda wa kutafakari.

Sasa wakati kompyuta zinatafakari ndipo Mama Nereah akafika getini.

Humjui. Ni wa upande wa Kenya, mwembamba, sauti kubwa. Mwaka jana ugonjwa ulimaliza kuku wake wote, mpaka jogoo wa baba mkwe. Akaanza upya na kijimashine cha kuangulia ambacho amekiweka chumbani anakolala, anakigeuzia mayai kama anayemgeuza mgonjwa. Hao ndio watoto wake wa kwanza tangu pale: maboksi ya vifaranga wa siku moja, yana matundu pembeni, yanalia ciu-ciu-ciu mpaka unahisi boksi linatembea. Kikundi cha akina mama wa Kwapa, huku upande wetu wa Uganda, wanamngoja. Wameshatandaza maranda ya mbao, wamewasha jiko, wanangoja.

"Kibali tu, mwanangu," akaniambia. "Dakika mbili nimeenda."

"Mama Nereah," nikamwambia, "zama za kalamu zimekwisha."

"Na hizi mpya zimeanza?"

Nikamwambia zinatafakari.

Vifaranga wakawekwa karantini. Banda letu la karantini, Dada, ndicho kitu kizuri kuliko vyote pale ofisini. Paa jipya, sakafu ya saruji, wavu mkali, kufuli kubwa kama ngumi. Ila ni baridi, na kifaranga bila joto ni maiti inayolia. Mama Nereah akaomba aingize jiko la makaa. Naibu akamfungulia kanuni: aina mbili haziwekwi banda moja. Vifaranga ni aina, moto ni aina nyingine.

"Basi niingie mimi niwakumbatie."

"Na wewe ni aina ya tatu, mama."

Akabaki nje ya wavu, anapenyeza chupa za maji ya moto kwenye matundu ya chini, anawapanga vifaranga kwa kijiti wazikaribie. Asubuhi ya jana wengine walikuwa wamelala na hawaamki. Akawatoa kwa kijiti hichohicho, mmoja mmoja, akawapanga kwa kanga. Halafu akanitazama, akasema polepole, "Aanyu, hawa wakiisha, mimi narudi kufua nguo za watu."

Mimi ni Kaimu Afisa Msaidizi wa Matamko. Sina mamlaka juu ya joto. Lakini nina simu. Nikampigia Caro.

Caro si unamkumbuka? Yule tuliyesoma naye chuo Kisumu, mwenye kucheka mpaka mlinzi anakuja. Ana saiba, kile kiduka cha intaneti, pale Busia ya Kenya. Nikamweleza habari ya Naibu na sidii yake. Akacheka nikaitoa simu sikioni.

"Aki Aanyu, alicopy na kupaste? Ngoja, wacha nikae chini. Sikiza. Mashine za siku hizi hazianzi kama zile za kitambo. Ikiwaka, kabla hata ya kukusalimia, inatafuta kwa flashi sehemu imefomatiwa FAT32, ndani kuna folda inaitwa EFI, na ndani ya hiyo folda kuna kafaili kadogo ka kuamsha wengine. Isipopata hako kafaili, hata uijaze flashi na mafaili ya nchi nzima, itakuangalia tu hivi."

"Na sidii ya Naibu?"

"Ilichomwa enzi za mababu, haina hiyo folda. Inaita mlinzi wa zamani kwa jina, na mlinzi alishastaafu. Pia kuna kinga huko ndani inakataa mfumo usio na saini ya waliouunda, so usiniletee vitu vya kuokota. Mimi nachukua mfumo mpya, safi, naandika kwa flashi vile inatakikana. Kuna faili moja kubwa kupita gigabaiti nne, FAT32 haiwezi kumeza, nitaikatakata. Weka chai, nakuja."

Na kweli, chai haijapoa, Caro huyo getini, flashi nyekundu mkononi anaizungusha na kamba. Mlinzi alikuwa Engole. Engole unamjua, yule mrefu wa Buteba, hana neno na mtu, na kwa Kiswahili chake mimi, wewe na yeye wote ni 'nasema'.

"Hiyo ni nini, dada?"

"Ni ya kufufua kompyuta zenu."

"Ah, kama ni ya kufufua, pita tu."

Mguu wa Caro uko hewani, Mkuu akatokea. "Simama hapo! Nimesikia nini? Ya kufufua?" Akaitazama flashi kama mtu anayetazama ng'ombe wa mahari. "Imetoka wapi?"

"Hapo tu ng'ambo, Mkuu," mimi nikasema.

"Kwa hiyo imevuka."

"Imevuka, ndiyo."

"Na ina mfumo mzima ndani yake, unaoweza kuamka na kuamrisha. Afisa Aanyu, kitu kilicho nje ya nchi, kikavuka, kikaingia mahali, kikaamka. Hicho ni kitu gani?"

Kamati ikaitwa. Kamati ikakaa mpaka saa ya chakula, vifaranga wanalia nje, Naibu akaagiza dirisha lifungwe ili mashauriano yasiingiliwe na wadau. Wakatoka na waraka, na kwa kuwa hakuna mashine ya kuuchapisha, ukasomwa. Niliusoma mimi, nimesimama juu ya kreti ya soda, watu wote wa mpakani wamenyamaza, wavuta mikokoteni wamesimama, wale wa boda wamezima pikipiki:

"Ibara ya kwanza. Chochote kinachovuka mpaka kikiwa na uhai, au kikiwa na uwezo wa kuhuisha kingine, ni mfugo. Ibara ya pili. Mfugo wowote utakaovushwa bila kibali cha kompyuta utawekwa bandani pamoja na aliyeubeba, awe nani, mpaka kibali chake kichapishwe. Ibara ya tatu. Aina mbili hazichanganywi bandani; anayeingia akikuta aina nyingine, iliyotangulia itatolewa, ila mkubwa akiamua vinginevyo."

Mtu mmoja wa boda akauliza, "Na hicho kibali cha flashi kitatoka kwa kompyuta gani?"

"Hizo mpya," nikamjibu.

"Hizo ambazo zinangoja flashi?"

Nikamwambia maswali ya kiufundi yapelekwe kwa kamati. Wakacheka, wale watu hawana heshima. Mimi niliona mantiki iko wazi: kompyuta inangoja flashi, flashi inangoja kibali, kibali kinangoja kompyuta. Hakuna aliyekaa bure. Kila mmoja ana kitu cha kungoja.

Caro alitakiwa bandani siku ileile. Lakini mle mlikuwa na vifaranga, na kama angeingia vifaranga wangetolewa, na Mkuu hakutaka Mama Nereah apate ushindi. Akaamua vinginevyo. Flashi ikarudishwa Kenya.

"Mnarudisha daktari mlangoni na mgonjwa amelala ndani," Caro akasema, akaondoka akicheka.

Halafu Mkuu akamgeukia Engole, mbele ya watu wote. "Na wewe! 'Pita tu, pita tu'! Hii nchi ni ya shangazi yako? Kuanzia kesho utakaa kwa njia ya panya, ile ya magendo nyuma ya soko. Sitaki kusikia huruma. Hata ukimkamata mama yangu mzazi, bandani! Umesikia?"

"Nimesikia, Mkuu."

"Rudia waraka."

Akaurudia, Dada. Ibara zote tatu, na nukta zake. Engole ameimba kwaya, kitu kikiingia kichwani kwake hakitoki.

Sasa leo. Leo asubuhi simu ikalia kutoka juu. Mgeni wa heshima anakuja kesho kuzindua kompyuta. Anakuja na mkasi wake mwenyewe! Anataka aone kibali cha kwanza kikitoka, akishike, apigwe picha nacho.

Mkuu akabadilika rangi. Akatuita ofisini, mimi na Naibu. Utepe ulikuwa umeshafungwa kwenye kompyuta, unang'aa, na nyuma yake zile skrini nyeusi zimetuangalia.

"Mkuu," Naibu akasema, "si tuufute tu ule waraka?"

"Ofisi haifuti waraka. Kuufuta ni kusema tulikosea. Tulikosea?"

"Hapana, Mkuu."

"Basi."

Nje ciu-ciu-ciu, lakini sasa ni wachache, na sauti imekuwa nyembamba. Mkuu akanitazama mimi. "Afisa Aanyu, wewe unajua kwa huyo msichana. Tutakwenda kwa ziara ya kikazi."

Ziara ya kikazi ilianza kwa kuazima koti la kumeremeta na kofia ngumu ya mtu wa boda. Akavaa juu ya suti. Akashusha kioo cha kofia mpaka kidevuni. Tukatoka kwa geti kama watu wa kawaida, kutoka hakuna shida, shida ni kurudi. Kufika kwa saiba, Caro akamwona tu, akajua.

"Karibu, bwana wa boda. Viatu vyako vinang'aa sana kwa mtu wa boda."

"Naomba kile kitu," Mkuu akasema kwa sauti ya chini.

"Kipi? Kile kifugo?"

Caro akampa bila maneno mengi, nisiseme uongo, alimwonea huruma. Akamweleza hata namna ya kuitumia: chomeka kwanza, ndipo uwashe, halafu bonyeza-bonyeza F12 mpaka orodha itokee, chagua ile yenye neno UEFI mbele. "Ile nyingine usiguse. Na mahali itakuuliza kama ifute diski, soma kwanza."

"Ninasoma kila kitu," Mkuu akasema, amesimama juu ya waya wa printa.

Sasa itavukaje? Mfukoni, wanapekua. Kwenye soksi, wanapekua. Mkate, wanakata. Mkuu akafikiri kama kiongozi. Akatazama barabarani, akaona vile wamama wanapita panya na kuku kwapani, hakuna anayewatazama mara mbili. Akasema, "Mtu na kuku, kwa panya, ni mtu wa kawaida."

Dada, hebu fikiria. Huyu ni Mratibu Mkuu wa Mifugo Inayovuka. Kazi yake nzima duniani ni kwamba kuku asivuke bila kibali. Nikafungua mdomo. Lakini mimi ni wa matamko, na hakuna aliyeniagiza kutamka.

Akanunua koo, kuku jike mwekundu mnene, mwenye hasira. Tukaingia uchochoroni nyuma ya duka la viatu vya mitumba. Mimi namshika miguu, Mkuu anamfunga flashi chini ya bawa kwa uzi wa kushonea magunia. Kuku akamdonoa mkono. Akamdonoa tena. "Mfumo salama," Mkuu akasema, anafyonza kidole.

Tukaenda. Kile kinjia unakijua, kinapita katikati ya migomba na mtaro ule wa maji machafu, halafu unatokea nyuma ya soko na uko Uganda. Mkuu mbele, kuku kwapani, mimi nyuma kama simjui. Anatembea kwa madaha, kama anayekagua gwaride. Mtaro akauruka. Migomba ikaisha. Na hapo, kwenye jiwe, palepale Mkuu mwenyewe alipomtupa jana, Engole amekaa anakula muhogo.

"Mzee. Simama kidogo."

Mkuu akasimama.

"Hiyo ni kuku?"

Mkuu akambana kuku zaidi kwapani.

"Mimi nauliza tu, mzee. Hiyo kuku iko na kibali ya kompyuta?"

Mkuu akapandisha kioo. "Engole. Unanijua mimi ni nani?"

Engole akaruka kutoka kwa jiwe, akapiga saluti na muhogo mkononi. "Nakujua, Mkuu!"

"Basi nipishe."

"Ndiyo maana siwezi, Mkuu. Kama ni mtu mwingine, labda mimi nasikia huruma. Lakini wewe jana nasema: hata mama yangu mzazi. Sasa mimi naona, mama ya Mkuu na Mkuu, Mkuu ndiyo mkubwa. Kama mama naingia bandani, wewe utakosaje?"

"Hii ni ziara ya kikazi, wewe!"

"Ibara ya pili," Engole akasema, akafumba macho kama anaimba. "'Mfugo wowote utakaovushwa bila kibali cha kompyuta utawekwa bandani pamoja na aliyeubeba, awe nani.' Awe nani, Mkuu. Wewe nasema nirudie, mimi narudia."

Na watu wa panya, si unawajua? Sekunde, wamejaa. Wamama wenye magunia, watu wa boda, wauza nyanya. Mmoja akaita, "Ni Mkuu! Mkuu anapita panya na kuku!" Simu zikatoka. Mkuu akaona simu, akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti ya mkutano, "Wananchi, ninajaribu mifumo yetu ya ulinzi, na ninafurahi kuona inafanya kazi."

"Inafanya kazi, Mkuu," Engole akasema. "Twende."

Tukaenda, umati mzima nyuma, kama harusi. Kufika uani, Naibu Ikwap akatoka, akaona, akarudi ndani, akatoka tena amevaa koti. Mama Nereah alikuwa pale palepale kwenye wavu, na chupa yake ya maji iliyopoa. Hata hakugeuka. Alikuwa anamhesabia pumzi kifaranga mmoja.

Engole akafungua kufuli. Akamweka Mkuu mlangoni, taratibu, kwa adabu. Halafu akasimama, akakuna kichwa.

"Kuna shida, Naibu. Ndani iko vifaranga. Mkuu si kifaranga. Ibara ya tatu nasema anayeingia akikuta aina nyingine, iliyotangulia itatolewa."

"Ila mkubwa akiamua vinginevyo!" Mkuu akadakia.

Engole akamtazama Naibu. "Mkubwa ni nani sasa? Mkuu ni mfungwa."

Watu wote wakamtazama Naibu. Na Naibu, Dada, ambaye kwa miaka yote hajawahi kuamua hata aina ya chai, akafunga kifungo cha koti. "Mimi," akasema, "siamui vinginevyo."

Vifaranga wakarudishwa kwenye maboksi yao, maboksi yakatolewa. Mama Nereah akayapokea moja moja, hakuamini, akawa anafunua na kuchungulia na kufunika. Bado wengi walikuwa hai, wamesongamana, wanatetemeka kama maji yanayochemka. Akafuta macho kwa kanga ileile yenye maiti. Halafu akamwona kuku kwapani mwa Mkuu.

"Na huyo koo, afande?"

"Hiyo ni ya Mkuu, iliingia naye," Engole akasema.

"Koo na vifaranga si aina moja? Na Mkuu si aina nyingine?"

Engole akafumba macho, akaipitia ibara kimoyomoyo. Akafumbua. "Mama nasema ukweli. Mkuu, leta kuku."

Hapo ndipo nilipomwona Mkuu. Mdomo wazi. Anamtazama kuku, ananitazama mimi, anatazama zile simu zimeinuliwa. Akisema chini ya bawa kuna flashi, amekiri mfugo wa pili, tena ule aliourudisha Kenya kwa mdomo wake. Asiposema, mfumo endeshi wa Kitengo unaondoka. Kuku akamdonoa. Akamwachia.

"Atunzwe," akasema.

Mama Nereah akamweka koo kwenye boksi la juu. Vifaranga wakaingia chini yake kama wameitwa, na yule kuku mkali, amini usiamini, akatandaza mabawa akanyamaza. Ciu-ciu ikashuka, ikawa kama mtu anaongea usingizini.

"Na sasa naenda wapi?" Mama Nereah akauliza.

"Ibara nasema watoke," Engole akamjibu. "Haisemi waende wapi."

Hakungoja aulize tena. Boda ilishawashwa, watu watatu wanamfungia maboksi kwa mpira. Akaniangalia mara moja tu, akasema, "Mwambie huyo bosi wako bandani kuna baridi. Ila jiko haliruhusiwi." Wakaondoka kwenda Kwapa, na koo mwekundu juu kama malkia, na chini ya bawa lake, Dada Robinah, FAT32, folda ya EFI, na ile faili kubwa iliyokatwakatwa.

Kufuli likafungwa. Naibu akasema, kwa huruma ya kweli, "Sasa tumchapishie Mkuu kibali chake atoke."

Tukaenda mpaka kwa kompyuta. Tukasimama mbele ya utepe. Skrini zikatuangalia.

"Flashi iko wapi?" Naibu akauliza.

Mimi nilijua, lakini kama nilivyosema, hakuna aliyeniagiza.

"Basi tumwandikie kwa mkono."

"Vitabu alivichoma, Naibu."

Akakaa kwa kiti cha Mkuu, akakizungusha kidogo, mara moja kushoto, mara moja kulia. Halafu akasema neno la kiongozi. Akasema mgeni wa heshima hawezi kuletwa kutoka mbali kote kuzindua vitu vilivyolala. Mgeni azindue kitu kinachofanya kazi. "Na katika ofisi hii nzima," akasema, "kinachofanya kazi ni banda."

Utepe umeshahamishwa, nimeufunga mimi mwenyewe mlangoni, upinde mkubwa juu ya kufuli. Na nikiwa nafunga, Mkuu akanong'ona kupitia wavu, amejikunyata kwenye kona yenye jua, koti la boda mabegani. "Afisa Aanyu. Kwa tamko la kesho. Andika kwamba niko ndani kwa ukaguzi."

"Wa muda gani, Mkuu?"

"Unaoendelea."

Nimeandika. Sikia linavyoanza: "Kitengo cha Uwezeshaji wa Mifugo Inayovuka kinayo furaha kuwatangazia wadau wote banda la kisasa, ambalo tayari limepata mkazi." Tamu, sivyo? Naibu alilia kidogo. Mama Nereah naye amepiga simu saa hizi kutoka Kwapa, anasema koo ana uzi fulani chini ya bawa na kitu chekundu, je, ni hirizi? Nimemwambia asikiguse, kinapenda joto.

Haya, leta hizo kunde tumalize, usingizi umenishika na asubuhi lazima niwe juu ya kreti kabla mgeni hajafika. Kesho jioni usiende kokote. Niwekee chakula, ukae hapohapo ulipo, nije nikwambie mgeni alipokata utepe, Mkuu alipiga makofi au hakupiga.